Upande wa Mtoto: Astrid Lindgren na Kazi ya Kumwandikia Mtoto



Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya mwandishi wa watoto aliyepata tuzo. Nimemchagua Astrid Lindgren wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 2002. Sikusudii kumsifu. Amekwisha kusifiwa vya kutosha, na sura yake imechapwa kwenye noti ya kronor 20 ya nchi yake. Ninachokusudia ni kutetea dai moja, kwamba ukubwa wa mwandishi huyu ulitokana na uamuzi wake wa kusimama upande wa mtoto kila alipoandika, hata pale uamuzi huo ulipowaudhi walimu, wahakiki na watawala. Na kwamba vitabu vyake na sauti yake ya uraia, ambavyo waandishi wa wasifu hupenda kuviweka katika sura mbili, ni kazi moja. Nitatoa hoja tatu, kisha nitajibu pingamizi ambazo najua zimo ukumbini humu.

Kwanza niseme machache juu ya maisha yake. Astrid Ericsson alizaliwa tarehe 14 Novemba 1907 katika shamba la Näs, kando ya mji mdogo wa Vimmerby, jimbo la Småland, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Samuel August, alikuwa mkulima aliyekodi ardhi ya kanisa. Binti aliajiriwa na gazeti la mji akiwa kijana mbichi, na akiwa na miaka 18 akapata mimba ya mhariri mkuu, mwanamume aliyekuwa akikaribia miaka 50. Hakukubali kuolewa naye. Alihamia Stockholm akajifunza hatimkato na kupiga chapa, akajifungulia Copenhagen mwezi Desemba 1926, kwa kuwa hospitali ya huko ilimruhusu mama kujifungua bila kutaja jina la baba. Mtoto, Lars, alilelewa na mama mlezi nchini Denmark kwa miaka 3 ya mwanzo, na mama yake alikuwa akivuka kwenda kumwona kila alipodunduliza nauli. Mwaka 1931 aliolewa na Sture Lindgren, na mwaka 1934 akamzaa Karin. Wako wanaotaka kueleza kila ukurasa wa vitabu vyake kwa jeraha hili la ujana. Mimi sifiki huko. Natosheka kusema kwamba mtu huyu alijua, kabla hajaandika kitabu, jinsi mtoto anavyoweza kupangiwa maisha na wakubwa bila kuulizwa neno.

Hoja ya kwanza inahusu nguvu. Mwaka 1941 Karin, akiwa na miaka 7, aliugua nimonia, akamwomba mama yake amsimulie hadithi ya Pippi Långstrump, jina alilolibuni palepale kitandani. Mama akaanza kusimulia. Machi 1944 Lindgren aliteleza kwenye barafu akategua kifundo cha mguu, na kwa kuwa alilazimika kulala alikitumia kitanda kuandika hadithi hizo kwa hatimkato. Muswada ukawa zawadi ya Karin alipotimiza miaka 10, tarehe 21 Mei mwaka huohuo. Nakala nyingine aliipeleka kwa Bonniers, wachapishaji wakubwa wa Uswidi, pamoja na barua ambayo kila mwandishi wetu wa watoto angefaa kuijua. Ndani yake alimtaja mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyeandika kwamba hamu kuu ya mtoto ni kuwa na nguvu, na akamalizia kwa utani kwamba anatumaini hawatamripoti kwa maofisa wa ustawi wa watoto. Bonniers walikataa muswada. Mwaka uliofuata aliusahihisha akauingiza katika shindano la Rabén & Sjögren, kampuni changa, ukashika nafasi ya kwanza. Kitabu kikatoka Novemba 1945.

Tazameni alichokifanya na hamu hiyo ya nguvu. Pippi ana miaka 9, anaishi peke yake nyumbani na farasi na kima, hana mama, baba yake amepotea baharini, ana sanduku lililojaa sarafu za dhahabu, na hakuna mtu duniani anayemshinda kwa nguvu. Tungetegemea nini kwa kiumbe wa namna hiyo? Watawala wa Ulaya waliokuwa na nguvu kama hizo miaka ileile walikuwa wamelibomoa bara zima. Lindgren alilijua hilo kwa karibu. Tangu siku ya kwanza ya Septemba 1939 aliandika shajara ya vita, na kuanzia 1940 alifanya kazi katika idara ya siri ya kukagua barua, akasoma yaliyokuwa yakiandikwa na watu wa pande zote. Halafu akambuni mtoto mwenye nguvu kuliko wote ambaye hamuumizi mtu. Polisi wanapokuja kumpeleka kituo cha kulelea watoto, anawabeba na kuwatoa nje. Wezi wanapovamia nyumba yake usiku, anawashinda, anawachezesha dansi, kisha anawapa sarafu ya dhahabu kila mmoja waende zao. Somo la maadili limo, tena zito, lakini halikuandikwa mwishoni mwa hadithi. Mtoto analipata kwa kukaa ndani ya mwili wa mwenye nguvu na kuona jinsi anavyochagua kuzitumia. Hadithi inayomfundisha mtoto utii tu inamfundisha namna ya kuwa mnyonge, na siku akipata cheo hatakuwa na mfano mwingine wa nguvu isipokuwa ule wa aliyemtia adabu.

Lawama hazikuchelewa. Mwaka 1946 John Landquist, profesa maarufu, alikishambulia kitabu hiki gazetini. Miongoni mwa yaliyomkera ni kwamba Pippi anakula keki nzima ya krimu mbele ya wageni kwenye karamu ya kahawa, jambo ambalo kwa maoni yake mtoto timamu halifanyi. Profesa alisema kweli juu ya keki. Alikosea juu ya wasomaji. Mtoto anayesoma anajua fika kwamba keki hailiwi hivyo, na ndiyo maana anacheka. Angekuwa hajui desturi, asingeona kichekesho. Kicheko cha msomaji ni ushahidi kwamba malezi yamekwisha kumkaa. Wala sisi si wageni katika sanaa hii. Abunuwasi amewaaibisha masultani na makadhi mbele ya watoto wa pwani kwa vizazi vingi, na Sungura amemlaghai Simba na Fisi bara na visiwani, na hakuna mzee aliyewahi kuzizuia ngano hizo kwa kuhofia kwamba wajukuu watakuwa walaghai. Wazee walijua kwamba mdogo anahitaji pahali pa kumshinda mkubwa. Ajabu ni kwamba tulipoanza kuchapa vitabu tulimwacha Sungura nje ya mlango, tukaingiza mtoto mtiifu anayepiga mswaki na kuwahi shule, na chini ya ukurasa wa mwisho tukaandika maswali manne na funzo la hadithi.

Hoja ya pili nitaipitia kwa kasi zaidi: mtoto ana haki ya kuambiwa kweli. Wengi wanaomjua Lindgren wa vichekesho hawamjui aliyeandika Mio, min Mio mwaka 1954, hadithi ya mtoto wa kulelewa asiyependwa, anayekaa kwenye benchi la bustani ya Stockholm akitamani baba. Wala hawamjui yule Rasmus anayetoroka kituo cha yatima kwa sababu wageni wanaokuja kuchagua mtoto siku zote huwataka wasichana wenye nywele za mawimbi. Kwa kitabu hicho cha Rasmus alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1958, tuzo kubwa kuliko zote za kimataifa za fasihi ya watoto wakati huo. Mwaka 1973 akaenda mbali zaidi: Bröderna Lejonhjärta inasimuliwa na mvulana mgonjwa anayejua atakufa, na kaka yake anatangulia kufa akimwokoa motoni. Wahakiki wakubwa waliogopa. Walisema kitabu kinakipamba kifo. Ila tujiulize: ni mtoto gani wa Afrika Mashariki ambaye hajahudhuria msiba? Watoto wetu wanaliona jeneza, wanasikia vilio, wanalala kwenye mikeka ya matanga, kisha wanafungua kitabu cha darasani na kukuta dunia ambayo hakuna anayekufa isipokuwa mtundu aliyekataa kumsikiliza mama. Huko kunyamaza hakumkingi mtoto na huzuni. Kunamwacha nayo peke yake.

Naomba sasa nikae kidogo katika hoja ya tatu, kwa kuwa ndiyo yenye ubishi. Nasema kwamba vitabu hivi vilikuwa na mkono katika sheria. Tarehe 22 Oktoba 1978 Lindgren alipokea Tuzo ya Amani ya Wauza Vitabu wa Ujerumani, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Frankfurt. Waandaaji walikuwa wameisoma hotuba yake mapema wakashtuka, wakamwomba apokee tuzo na kutoa shukrani fupi tu. Akajibu kwamba bila hotuba hataenda. Alikwenda, akasema kwamba wanaotaka amani ya mataifa waanzie chumbani kwa watoto, kwa kuwa watawala wa kesho wanafundishwa leo, kwa fimbo au bila fimbo, jinsi migogoro inavyomalizwa. Alisimulia habari ya mama mmoja aliyemtuma mwanawe mdogo akalete fimbo ya kuchapiwa. Mtoto alichelewa, akarudi akilia, akasema fimbo hakuiona lakini ameleta jiwe ambalo mama anaweza kumrushia. Mama akaona papo hapo jambo lilivyo machoni mwa mtoto: kama lengo ni kuumiza, jiwe na fimbo vina tofauti gani? Akaliweka jiwe hilo kwenye rafu ya jikoni limkumbushe siku zote.

Miezi michache baadaye Bunge la Uswidi lilipitisha, kwa kura 259 dhidi ya 6, sheria ya kukataza kumpiga mtoto hata nyumbani, na kuanzia Julai 1979 Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Hapa mwanahistoria makini atanisimamisha, na ana haki. Tume ya haki za watoto ilikuwa imeanza kazi tangu 1977. Viboko shuleni vilikuwa vimepigwa marufuku mwaka 1958. Hotuba ya jioni moja Ujerumani haiwezi kuandika sheria Stockholm. Nakubali yote hayo. Ninachodai ni kingine. Watoto wa kwanza waliosoma Pippi mwaka 1945 na 1946 walikuwa na miaka arobaini na ushei sheria hiyo ilipopita: ndio waliokuwa wazazi, walimu na wapiga kura. Sheria yenyewe haikuweka adhabu mpya kwa mzazi. Ilitegemea kukubalika, na maelezo yake yalichapwa hata kwenye pakiti za maziwa ili familia ziyajadili mezani. Sheria ya namna hiyo haisimami pasipo watu waliokwisha kuzoea kumtazama mtoto kama mtu kamili. Mazoea hayo yalitoka wapi? Sidai kwamba yalitoka kwa mwandishi mmoja. Nadai kwamba kwa miaka 30 hapakuwa na sauti nyingine iliyoingia vyumbani mwa watoto wa nchi ile kwa wingi kama yake.

Wala hakutumia sauti hiyo kwa jambo moja. Mwaka 1976 alipogundua kwamba kodi ya sehemu ya mapato yake imefika asilimia 102, aliandika ngano ya kumkejeli waziri wa fedha katika gazeti la Expressen. Mwaka huohuo chama cha Social Democrats, alichokuwa akikipigia kura mwenyewe, kilishindwa uchaguzi baada ya kushika serikali kwa zaidi ya miaka 40. Katika miaka ya themanini alishirikiana na daktari wa mifugo kutetea ng'ombe, nguruwe na kuku wa mashambani, na sheria ya ustawi wa wanyama ya 1988 watu wakaiita kwa jina lake, ingawa yeye aliiona legelege. Mtoto, mlipa kodi, mnyama wa zizini: kila mara anazungumza kwa ajili ya yule ambaye maamuzi hupitishwa juu ya kichwa chake.

Sasa pingamizi. Kuna mzee ananitazama tangu nilipotaja fimbo, na najua methali aliyo nayo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Shikamoo, mzee. Methali ni ya kweli, na Lindgren asingeipinga, kwa kuwa alisema waziwazi kwamba mtoto asiyepigwa si mtoto asiyeongozwa, na kwamba kumwacha mtoto ajiendee ni kosa jingine. Mfano wake ni Emil wa Lönneberga, mvulana mtundu anayefungiwa kibandani na baba yake kila anapoharibu, na humo kibandani anachonga vinyago vya mti hadi vinafika 369. Mwandishi anatudokeza mapema kwamba mtundu huyu alipokua alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji chake. Madiwani mliopo mtanisamehe kwa kulisisitiza hilo. Methali inazungumzia kilio cha mtoto anayekatazwa; haikutaja kilio cha anayepigwa, na tumekuwa wepesi mno kuisoma kana kwamba imetaja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wapenzi wa Lindgren hulikwepa. Katika Pippi ya 1945 mtoto huyu anawaeleza wenzake kwamba huko Kongo hakuna mtu hata mmoja asemaye kweli. Baba yake naye, tunaambiwa, amekuwa mfalme wa watu weusi kisiwani, kwa neno ambalo leo ni tusi. Wachapishaji wa Uswidi walilibadilisha mwaka 2015 wakaandika mfalme wa Bahari ya Kusini. Wapo watakaosema Pippi mwenyewe anakiri papo hapo kwamba alichosema juu ya Kongo ni uongo. Ni kweli anakiri, lakini mzaha ulihitaji mahali, na mahali palipochaguliwa palikuwa koloni la Ubelgiji, kwa watu ambao mwaka 1945 hawakuwa na njia ya kujibu. Hukumu yangu ni hii: mwandishi aliyesimama upande wa mtoto hakumwona mtoto wa Lubumbashi au Bukavu miongoni mwa wasomaji wake. Hilo linapunguza kazi yake, ila halivunji kanuni yake, kwa sababu kanuni yake ndiyo tunayoitumia kumhukumu. Na kuna ushahidi kwamba aliweza kuona mbali zaidi. Mwaka 1958, mwaka uleule wa tuzo ya Andersen na miaka mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, alichapisha Sia bor på Kilimandjaro, kitabu cha picha zilizopigwa na Anna Riwkin-Brick na maelezo yake Lindgren, juu ya msichana wa mlimani. Si kitabu chake bora, na jicho lake ni la mgeni. Lakini Sia ana jina lake na matakwa yake mwenyewe, na mtoto wa Uswidi alitakiwa kumfuata kama anavyomfuata mwenzake.

La tatu ni lile la uwezo: Uswidi ni tajiri, sisi tuna madarasa ya watoto zaidi ya mia na vitabu havitoshi. Hakika. Lakini Uswidi ya Näs haikuwa tajiri, na upande wa kuandikia haununuliwi. Tukumbuke pia mwaka 1979 kwetu ulileta nini. Mwaka uleule Uswidi ilipoiweka fimbo chini hata majumbani, Tanzania ilitunga kanuni za kuiratibu shuleni. Kanuni za 2002 zimeweka kikomo cha viboko 4, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Kenya ilikwisha kuviondoa shuleni mwaka 2001, na Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu hiyo. Kila mzazi humu anajua umbali uliopo kati ya sheria hizo na yanayotendeka darasani, pande zote mbili za mpaka. Umbali huo hauzibwi na waraka wa wizara peke yake. Unahitaji watu waliosoma, wakiwa wadogo, vitabu vilivyowaheshimu.

Baada ya kifo cha Lindgren, Januari 2002, serikali ya Uswidi ilianzisha tuzo yenye jina lake, ya kronor milioni 5 kila mwaka, na mwaka 2015 ilikwenda Cape Town, kwa taasisi ya PRAESA inayowahimiza watoto kusoma kwa lugha zao za nyumbani. Kiswahili kina wasomaji wadogo wengi kuliko Kiswidi, na kina waandishi wanaoweza kazi hii. Kwa hiyo nawaomba wachapishaji waliopo: msimu ujao toeni walau kitabu kimoja cha watoto kisicho na maswali wala funzo mwishoni, mkiuze kama hadithi. Nawaomba majaji wa tuzo zetu za fasihi wawape watoto wenyewe miswada waisome kabla ya kutoa alama. Nanyi walimu, mtoto akicheka katikati ya kitabu, msimkatize. Muulizeni amecheka nini, mkamsikilize mpaka amalize.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi.